Sefania Hakuwa Peke Yake

Kazi ya Mzee Sefania ni kupogoa miti ya matunda. Msumeno mdogo begani, kisu mfukoni, anazunguka milima ya Lushoto kijiji hata kijiji, na popote Jumapili inapomkuta, anaingia kanisani. Walutheri wa huko wanamjua kwa mambo mawili: miplamu aliyoishika huzaa, na ushuhuda wake huwaliza watu.

Ushuhuda wenyewe ni huu. Alikuwa kijana wa Mtae, mke amemkimbia, yeye na pombe ya miwa, pombe ya miwa na yeye. Siku moja yuko shambani peke yake, ukungu umefunika, akasikia sauti: “Sefania, utamkimbia Mungu mpaka lini?” Akatupa jembe, akapiga magoti kwenye maharage.

Yote kweli, isipokuwa hilo la kuwa peke yake.

Sauti ile ilikuwa ya Mama Secilia, mke wa jirani, aliyekuwa kwenye mstari wa pili akipalilia. Aliliona shamba la Sefania linamezwa na majani, akaja na jembe lake bila kuitwa. Siku ya kwanza hakumtaja Mungu. Ya pili pia hakumtaja.

“Mama, umetumwa na nani?” Sefania alimuuliza, kichwa kinamgonga kwa pombe.

“Na magugu,” akajibu. “Piga jembe.”

Walipalilia hivyo karibu msimu mzima, wakipumzika mama alimfundisha kusali, na ndipo siku ya ukungu akamuuliza lile swali. Basi kijana aliposimama kanisani mara ya kwanza kushuhudia, aliona haya kusema kwamba shamba lake lililimwa na mke wa mtu. Akamwacha nje ya ushuhuda. Watu wakalia, wakasema amina, na Jumapili iliyofuata kumrudisha kukawa kugumu zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sefania ilimchukua miaka arobaini.

Mama Secilia aliusikia ushuhuda huo mara moja, Mtae, amekaa benchi la mbele. Mlangoni akampa mkono. “Umesema vizuri, mwanangu. Mimi siku hiyo nilikuwa wapi?” Akacheka, akaenda zake. Tangu hapo Sefania akawa anazunguka kote, Mtae haendi.

Mwaka huu magoti yamemwambia kwamba kupanda kule ni mara moja tu imebaki. Akapanda. Alimkuta Mama Secilia amekaa uani, macho yamekwisha, anachambua maharage kwa vidole.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani?”

“Sefania.”

“Yule wa peke yake?”

Alikaa chini kwenye udongo. Akaomba radhi. Akasema na asante, ambayo hakuwahi kuisema hata siku moja, ikamtoka kidogo na kavu, kama kitu kilichowekwa ghalani muda mrefu mno.

Bibi aliendelea kuchambua. “Mimi umenipata, nilishakusamehe zamani. Na wale uliowahubiria? Mtu anakaa kwake anangoja sauti kutoka kwenye ukungu, na jirani yake anayaona magugu yake, anapita. Mimi sikukufundisha hivyo. Nenda ukaseme ulikosemea.”

Akaanza na Malindi, kijiji cha hukohuko milimani Lushoto. Mwinjilisti Yohane, aliyeokoka kwa ushuhuda uleule, alimkaribisha mbele kwa furaha. Sefania akashika kipaza sauti. “Wapendwa, nimewadanganya. Sikuwa peke yangu. Alikuwepo mama mmoja, ana jembe...”

Watu wakatazamana. Mama mmoja akanong'ona, “Maskini, uzee.” Yohane akasogea taratibu, akamshika kiwiko, akachukua kipaza sauti.

“Baba yetu amechoka na safari,” alisema. “Lakini ushuhuda wake sisi tunaujua.” Akausimulia wote, ukungu, sauti, maharage, vizuri kuliko Sefania alivyowahi. Kanisa likasema amina. Wawili watatu walifuta machozi.

Baada ya ibada wakamweka mzee kwenye kiti cha ofisini, koti la Yohane magotini.

“Yohane, mwanangu, sijachanganyikiwa. Alinilimia shamba. Yeye ndiye aliyeniuliza.”

“Sawa, baba.”

“Usiseme sawa. Nawe uliwahi kungoja sauti?”

Yohane akaliweka sawa koti magotini pa mzee. “Siku tatu, msituni. Nilifunga.”

“Ukaisikia?”

“Nilisikia kitu.” Akamsogezea kikombe. “Pumzika, baba.”

Sefania akamtazama usoni, akaona hapo hapatatoka neno jingine. Mwenye kuufunga mlango huo alikuwa Sefania mwenyewe, kabla Yohane hajazaliwa.

“Anaitwa Secilia,” alisema. “Yuko Mtae, yu hai.”

“Ndiyo, baba. Kunywa chai, inapoa.”