Mfupa Uliopanda Kama Maharage

Naikumbuka vizuri safari iliyonirudisha Bukiriro, mwanangu, maana niliisafiri nimelala. Tulitoka Mwanza kwa basi, tukavuka ziwa, tukapita Geita na Biharamulo, na mama mmoja wa Nyarubungo akanipa gunia lake la mihogo niegemeze mguu. Mguu wenyewe ulikuwa umefungwa vyuma kwa nje.

Pikipiki ilinivunja muundi, kidonda kikaoza, madaktari wakaondoa kipande cha mfupa. Pengo wakalijaza kwa kitu cheupe kama chaki, chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Daktari alinieleza kwamba huo si mfupa, ni jukwaa la kujengea tu. Mishipa ya damu lazima iingie kwenye vitundu vile ipeleke chakula, ndipo mfupa wangu ujijenge humo na kile cheupe kiyeyuke polepole. Mishipa isipoingia, mguu unakatwa. Akanikataza sigara, kukanyaga mapema na kukandwa.

Sasa niambie mtu kama mimi, leo Kahama kesho Kigoma, atulie! Bibi Sabina, mama mwenye nyumba wangu, alinipokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono wake uko mfukoni mwangu.

"Hizi sigara zitanifaa kuwashia moto," akasema.

Haikupita muda majirani wakaja na sufuria la maji ya moto na majani, maana huko aliyevunjika hukandwa. Nilifurahi. Rafiki yangu alikuwa anaondoka na lori wiki ile ile, nami nilitaka kwenda naye.

"Nikandeni sana," nikawaambia.

Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nani kawaita?"

"Bibi, mfupa usiokandwa unaungaje?" akauliza jirani aliyebeba sufuria.

"Kamkandeni ng'ombe wenu!"

Wakaondoka wakicheka na sufuria lao. Mimi sikucheka. Bibi akanipa magongo, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye maharage yake, yale ya kutambaa. Vitawi vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kushika vijiti, vyembamba kama uzi.

"Nikivitikisa vijiti hivi leo, nitavuna nini?"

"Hutavuna kitu, bibi."

"Basi. Daktari kakuwekea vijiti. Kinachopanda ni damu yako mwenyewe. Unakimbilia wapi, wewe mtu wa barabarani?"

Lori lilipita, likapiga honi. Niliisikia mpaka ikapotelea mlimani, nikabaki kitandani nimeuma shuka. Maharage yakapanda, yakavunwa, yakapandwa tena. Ndipo nikarudi Mwanza kupigwa picha.

Daktari aliinua picha dirishani, akaita wenzake. Pale palipokuwa na pengo palikuwa na mfupa, mwanangu! Cheupe kile kilikuwa kimebaki kidogo tu, mwili wangu umejenga mfupa humo na kukimaliza. Nilipiga kelele mpaka nesi akanikemea, "Kaka, hapa si uwanja wa mpira!" huku naye anacheka.

Vyuma vikatolewa. Niliporudi Bukiriro bila gongo, Bibi Sabina alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka, na yule mwenye sufuria akaniuliza, "Sasa tukukande?"

Siku niliyoondoka kabisa sikupanda gari wala pikipiki. Wa bodaboda waliniita, nikawapungia mkono. Nilitembea, mguu huu na huu, mbegu za maharage za bibi zimefungwa kwenye kitambaa, mpaka Nyamiaga, na kutoka pale nikaingia mjini Ngara natoka jasho na kuimba.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukitibiwa, jua kwamba daktari amekuwekea pa kuanzia, na kinachobaki ni kazi ya mwili wako, nao una mwendo wake. Acha sigara, usikubali kukandwa mahali ulipokatazwa, na lori likipiga honi, liache lipite. Barabara utaikuta, mimi niliikuta.

Mungu akupe mifupa ya kukufikisha unakotaka, na siku utakapotaka kujiharibia mwenyewe, akupe mtu wa kusimama mlangoni.