Korongo wa Kinamasi cha Kiganjo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Kiganjo ambayo haijanitoka moyoni hadi leo. Na kwa kuwa sasa umepata kazi ya kuongoza watalii wa ndege, acha nikusimulie. Weka simu kando kidogo, maneno yenyewe si mengi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kujisifu. Nilipewa mgeni mmoja kutoka Australia, mama mzee, mwalimu mstaafu aliyetembea na fimbo. Siku mbili tulizunguka msituni juu ya Nanyuki tukitazama ndege kwa darubini, na kila nilipomtajia jina la ndege alitabasamu. Nami nikavimba kichwa. Nilitaka arudi kwao akisema hakuna kama Nyawira.

Siku ya tatu nikampeleka kwenye kinamasi kilichokuwa shambani mwa Mzee Kariuki, karibu na Kiganjo. Korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, walikuwa wametaga katikati ya matete. Mzee akatuonyesha gogo la mkaratusi kando ya maji.

"Mtaonea hapa," akaniambia. "Usipite hii gogo, Nyawira." Kisha akaenda kupeleka maziwa.

Korongo mmoja alikuwa ameatamia, tukaona kichwa tu. Mgeni wangu alitosheka. Aliketi kwenye gogo akanieleza kwamba kinamasi alichochezea utotoni kule kwao kilikaushwa ili wapande ngano, na korongo wa huko hawakuonekana tena. Laiti ningemsikiliza! Mimi mawazo yalikuwa kwenye picha. Nikamwambia nitaenda kumwinua yule ndege ili ampige picha nzuri. Akasema si lazima. Nikavua viatu nikaingia majini.

Korongo aliinuka nikiwa hatua kumi hivi kutoka kiotani, akaruka na mwenzake huku wakilia kwa sauti nzito. Niligeuka kumpungia mgeni mkono apige picha, lakini kamera ilikuwa mapajani mwake. Alikuwa akitazama nyuma yangu. Kunguru wawili walishatua kiotani. Nilipowafikia nikipiga kelele na kurusha matope, mayai yote matatu yalikuwa yametobolewa.

Mzee Kariuki aliporudi alinikuta na matope hadi mapajani. Sikuwa na la kuficha. Nilitarajia anitukane, na kusema kweli ningefurahi angenitukana.

"Wiki tatu ng'ombe yangu inalala njaa," akasema polepole, "juu sikutaka kukata nyasi karibu na hiyo kiota. Sasa kaa hapa. Uangalie vile watarudi."

Tukakaa sote watatu kwenye gogo. Korongo wakarudi. Mmoja alizunguka kiota, akageuza nyasi kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kisha akakunja miguu, akaatamia pale patupu.

Nililia, mwanangu. Mgeni wangu naye alilia, na nadhani hakuwalilia korongo wetu peke yao. Kesho yake Mzee aliikata ile nyasi yote, maana hapakuwa na kiota cha kulinda tena.

Kwa hiyo nakusihi, ukiambiwa ukomee mahali, komea hapo hapo, hata kama hakuna anayekuona. Mgeni akitosheka na kidogo alichoona, usimwongezee kwa kumuumiza asiyeweza kujitetea. Sifa nilizozitafuta mimi sikumbuki hata zilikuwa za nini, lakini yule korongo namwona mpaka leo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikimbie. Keti utazame ulichoharibu mpaka kikufundishe.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, na miguu inayojua kusimama. Nenda salama, na ukirudi jioni, uje unisimulie ulichokiacha kikiwa kimetulia kiotani.