Anamlea kasa, anaomba asahaulike

Saa moja asubuhi. Mwanamke wa makamo amejibana nyuma ya pazia jeusi na ndoo ya ngisi, akipenyeza kipande kimoja kimoja kwenye bomba linaloishia majini. Hakohoi. Hata viatu amevua. Upande wa pili wa pazia kasa anaogelea, naye hatakiwi kujua kwamba kuna mtu.

Wenzake humwita Bi Ndoo, kwa kuwa tangu aajiriwe katika jumba hili la viumbe wa majini hajaonekana mikono mitupu. Hulisha samaki, husugua vioo, hupima chumvi ya maji, kisha huanza upya. Ukimwambia akae, atakaa. Ukigeuka tu, kashasimama.

Siku hizi ndiyo kabisa. Kasa huyu aliletwa akiwa hoi, gamba limepasuliwa na panga la injini ya boti. Kupona amepona. Kilichobaki ni kurudishwa baharini, na hapo ndipo Bi Ndoo alipoharibu.

Wahudumu wa hapa wana mazoea yao: kabla ya kulisha, hugonga ukingo wa tangi ili samaki wakusanyike. Bi Ndoo, mkono umeshazoea, akamgongea na kasa. Akamsemesha pia. Haikuchukua muda, akigonga tu, kasa huyo mbio juu, mdomo wazi.

"Nikawa najisifu, ananipenda huyu!" anasema, akikunja na kukunjua kitambaa. "Kumbe namchimbia kaburi. Huko baharini kitakachomgongea ni boti."

Daktari wa wanyama hakumficha: kasa anayekimbilia watu haachiliwi. Atabaki kwenye tangi maisha yake yote. Ndiyo maana likawekwa pazia, na chakula kikawa hakina saa maalumu.

Nyumbani nako hakulaliki. Mumewe, fundi viatu, anacheka, lakini amechoka.

"Jana kaniamsha, 'Baba watoto, hivi leo kazini nilikohoa?' Sasa mimi nitajuaje?" anasema. "Tuna watoto watatu. Huyu wa nne mwenye gamba sijui alimzaa lini."

Leo daktari amekuja kumjaribu kasa. Anagonga ukingo mara moja. Bi Ndoo, amejificha mlangoni, anauma ukosi wa gauni lake. Kasa anainuka. Anafika katikati ya maji, anasita, kisha anageuka na kurudi chini.

"Nusu," daktari anasema. "Nusu haitoshi, dada. Tutajaribu tena mwezi ujao, na hiyo ndiyo ya mwisho."

Bi Ndoo hangoji kuambiwa la pili. Miguu peku, anakwenda moja kwa moja kwa msimamizi kuomba ahamishiwe kwa kambakochi, mwisho kabisa wa jengo, asikanyage tena huku.

"Kambakochi hata salamu hawajui, lakini nitawavumilia," anasema.

Akifaulu kasa, watamwachia. Bi Ndoo ameshapanga atasimama wapi siku hiyo.

"Nyuma ya watu wote," anasema, machozi yakimlengalenga. "Kulia nitalia, sikatai. Lakini kimyakimya, maana sauti yangu anaijua."