Joto la Ghala la Nyasi

Wamucii wa Naro Moru, chini ya mlima, hajui kukaa bure. Tangu mumewe Nderitu azikwe, analima, anakama, anakata nyasi na kuzifunga marobota mwenyewe kwa kisanduku cha mbao. Kazi haimshindi. Kinachomshinda ni mama mkwe wake, Kabura, ambaye siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitali, na mpaka leo humpakulia mwanawe chakula.

Mwaka huu mvua ilimkimbiza Wamucii. Akafunga nyasi zikiwa na unyevu, akazishindilia ghalani na kubana mlango. Kosa lenyewe ndilo hilo, lakini ni mkulima gani angengoja jua na mawingu yale?

Wiki ya pili, Kabura alihamisha kigoda, akaegemea ukuta wa ghala.

"Nderitu amerudi," akasema. "Gusa hapa. Hata tumbaku yake inanukia."

"Wacha hizo, Mama." Hata hivyo Wamucii akaweka kiganja kwenye mabati. Lo! Asubuhi ya umande, jua halijatoka, na ukuta una joto la mwili wa mtu! Harufu ya tumbaku ikamjia, tamu, ileile. Alijua ni upuuzi, lakini hakuondoa mkono. Alikuwa na hamu na mumewe, basi.

Siku tatu walikaa pale wote wawili, ukuta ukizidi kuwa moto. Ng'ombe wakakataa kupita karibu. Hapo Wamucii akaogopa, akamwita jirani yake Kingori, aliyewahi kutunza nyasi kwenye shamba kubwa. Kingori alipitisha chuma kirefu kwenye ufa wa mabati, akakichomeka kati ya marobota. Alipokichomoa, ncha yake haikushikika kwa joto.

"Ati ulifunga hii nyasi mbichi? Inaoza, inatoa joto na harufu kama ya tumbaku, na joto haina pa kutokea. Msifungue mlango! Ikipata hewa, itawaka."

Akakimbia kuita watu walete maji. Wamucii alipogeuka kufungua ng'ombe, Kabura alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwanangu, toka ukule."

Mlango ukafunguka, moto ukaruka. Wamucii akamvuta mama mkwe wake kwa shuka, wakaanguka matopeni. Nyasi zote zikaisha.

Majivu yalikaa na joto siku mbili. Kabura akaketi kando, ameyanyooshea mikono, hataki kula. Siku ya tatu yakapoa. Joto lote lile lilikwenda hewani, na baridi ya mlima haikupungua hata kidogo. Mama mzee akachota majivu, akayashika kwa muda mrefu.

"Wamucii," akaita, "mtoto wangu amekufa."