Stika Nyekundu Ndani ya Mkono wa Koti

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja, kubandika stika. Kila boksi lililoingia kiwandani, liwe la sindano, la glavu au la nyuzi za kushonea vidonda, lilipita kwanza mbele yake, naye alilibandika stika ya manjano upande wa kulia, vidole viwili chini ya ukingo. Kisha boksi lilipanda kwenye vibebeo vinavyoning'inia, likazunguka kona mbili za ujia wa zege, likaingia chumba ambacho kuta zake zina unene wa mtu mzima aliyelala. Humo lilikaa mbele ya kobalti, metali inayotoa mionzi. Lilipotoka upande wa pili, vijidudu vilikuwa vimekufa na stika imekuwa nyekundu.

Wenzake walimwita Mama Stika. Kobalti yenyewe waliiita Bwana Mkubwa. Ikizamishwa kwenye bwawa la maji chini ya chumba walisema Bwana Mkubwa amelala, ikiinuliwa walisema ameamka, na hapo hakuna aliyekaribia mlango.

Shule aliishia kidato cha nne, lakini mionzi aliijua kwa mikono. Chupa za kioo ziliingia zikiwa safi kama maji, zikatoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Pamba nyeupe ilitoka imepauka umanjano. Sindano za plastiki zilizopitishwa mara mbili kwa makosa zilivunjika mkononi kama biskuti. Hata hewa ya chumbani iligeuka ikawa na harufu kali ya kuwasha pua, ndiyo maana feni ilinguruma kutwa kucha. Fundi mmoja aliwahi kumweleza kwamba mionzi inakata vile vifungo vidogo vinavyoshikilia kitu, halafu vipande vinashikana upya ovyo ovyo. Mama Stika alimpelekea mumewe habari hiyo jioni, naye mumewe, mshonaji wa siku nyingi, akacheka.

"Yaani anafumua nguo, halafu anaishona mikono kwenye shingo."

"Hivyo hivyo," alijibu.

Sasa, Alhamisi asubuhi mtambo ulikwama. Bwana Mkubwa akalazwa, mlango ukafunguliwa, na fundi wa mlango akaingia na ufunguo shingoni na kipimo cha mionzi mkononi. Mama Stika alikuwa ametoka kunawa. Beji yake ya kupimia mionzi ilikuwa bado kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo. Alipochungulia mlangoni akaona, kwenye kona ya kwanza, boksi limedondoka na kupasuka, pakiti za sindano zimetapakaa sakafuni.

Kanuni ilikuwa wazi: haingii mtu ila fundi. Lakini boksi lile alilibandika yeye, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu kikizagaa. Nusu dakika tu, alijiambia. Akaingia, akachutama nyuma ya vibebeo, akaanza kuokota.

Kengele ikalia. Alijua maana yake: fundi amebonyeza kitufe kule ndani kabisa, na sasa ana sekunde tisini za kutoka na kufunga mlango kabla Bwana Mkubwa hajaamka. Sekunde tisini ni nyingi, aliwaza. Pakiti mbili zilikuwa zimejipenyeza chini ya reli. Alizivuta kwa kidole, moja, ya pili, akahesabu zote, zikatimia. Ndipo akainuka, boksi kifuani.

Alipotoka alimkuta fundi ameshika mpini, mlango unaanza kusogea.

"We mama, umetokea wapi?"

"Hapo konani tu, kaka. Usimwambie mtu."

"Mbona nimeita nani yumo?"

"Na feni ile ningesikia nini?"

Fundi alimtazama kidogo, kisha akacheka. "Ungekaa kidogo ungetoka mwekundu. Tungekupakia kwenye lori uende hospitali na maboksi yako ya glavu."

Alicheka naye, akarudi mezani kwake, na siku ikaisha salama.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alikunja mkono wa koti lake la kazi ili aanze kubandika. Upande wa ndani, karibu na kifundo cha mkono, palikuwa na stika. Hiyo ilikuwa tabia yake. Stika ikizidi kwenye karatasi huibandika hapo ndani, ili asiitupe. Ile aliibandika Alhamisi mapema, ikiwa ya manjano.

Sasa ilikuwa nyekundu.

Aliitazama hadi macho yakamuuma. Akaushusha mkono wa koti, akaukunja tena, kana kwamba rangi ingeona haya na kurudi. Nyekundu ile ile, na alikuwa ameivaa mwilini kule konani.

"Mama Stika, boksi linapita hilo," alisema mpakiaji.

"Naliona."

Alibandika. Boksi la kwanza, la pili, la kumi. Mlango ulikuwa wazi, alijiambia. Mlango ukiwa wazi Bwana Mkubwa haamki, hata mtoto mdogo wa hapa kiwandani angejua. Lakini wiki iliyopita kitasa cha mlango huo kilitengenezwa. Je, kama hawakukitengeneza sawasawa? Binadamu husema uongo, vitasa huharibika, lakini stika haijawahi kumdanganya hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Aliwaza chupa zilizogeuka kahawia. Aliwaza sindano zinazovunjika kama biskuti. Kama plastiki ngumu inakuwa hivyo, damu ya mtu inakuwaje? Aliuma ulimi kidogo ili aone kama ladha yake imebadilika. Alijipapasa nywele, akavuta, akatazama zilizobaki mkononi. Tatu. Jana zilikuwa ngapi? Nani huhesabu?

Akaanza kujiuliza kama ni hofu tu au ni ugonjwa wa mionzi unaanza.

Alichoogopa pia ni kusema. Akisema ameingia, ataulizwa beji. Beji ilikuwa msumarini, haijaandika lolote. Na fundi wa mlango ana watoto wanne. Lakini saa nne ilipofika aliona mikono yake ikibandika stika mlalo, naye hakuwa amewahi kubandika stika mlalo. Akaivua glavu, akaenda kwa afisa wa usalama.

Afisa alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo mama. Mbona hivyo? Kaa."

"Marahaba mwanangu. Sikai." Akakunja mkono wa koti, akamwonyesha. Akaeleza yote, boksi, kona, beji, mpaka mlango.

Afisa aliitazama stika, akanyoosha mkono. "Naomba miwani yako."

Aliivua. Binti akaiweka juu ya karatasi nyeupe.

"Hivi ni vioo au plastiki?"

"Vioo. Plastiki inachubuka."

"Jana ulikuwa umeivaa?"

"Sioni bila hiyo."

"Basi tazama hapa. Kioo kina rangi gani?"

Karatasi chini yake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Mionzi ya kugeuza stika hii," afisa alisema taratibu, "ingegeuza na kioo hiki kikawa kahawia. Na mtu, mama, hata sehemu moja kati ya elfu ya mionzi hiyo humuua. Usingefika getini jana. Koti hili umelifua?"

"Mzee wangu amelipiga pasi tu, kuondoa makunyanzi."

Afisa alitoa stika mpya ya manjano, wakatoka hadi kwenye mashine ya kufungia mifuko kwa joto. Akaifunika kwa kitambaa, akaibana. Alipoifunua ilikuwa nyekundu.

Mama Stika alishika meza. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka. Pasi. Mumewe na pasi yake ya mshonaji. Alikuwa akitafuta neno la kushukuru alipoona kwamba binti hacheki.

"Mama, umesema ulikuwa konani kengele ikilia?"

"Ndiyo, lakini nilitoka."

"Na fundi hakukuona?"

"Niliinama. Nilikuwa naokota."

Afisa alienda akasimamisha mtambo, akamwita fundi wa mlango, akafungua karatasi ya kumbukumbu ambayo mtambo huiandika wenyewe. Kisha Bwana Mkubwa akiwa amelala, wote wakiwa na beji, akawaomba wafanye kama jana. Fundi aliweka pakiti sakafuni. Mama Stika akachutama. Afisa akasimama mlangoni na saa. Kengele ikalia.

Aliokota kama jana. Zile mbili chini ya reli, moja, ya pili. Akahesabu. Akainuka, akatembea na boksi kifuani, na mara hii akaisikia kengele kwa masikio mengine.

"Sekunde sitini na saba," afisa alisema alipofika. Akageuza karatasi ili waione wote wawili. "Jana mlango ulifungwa sekunde ya sabini na moja. Zilibaki nne tu."

Fundi aliivua kofia. "Nilikuwa nimeuvuta tayari," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nilikuwa nimeuvuta tayari."

"Ungefungiwa, ungefanya nini?" afisa alimuuliza Mama Stika. "Kuna kamba ukutani, ukiivuta Bwana Mkubwa haamki. Iko upande gani?"

Alifikiri. Kamba aliiona. Siku zote alidhani ni ya kutundikia taa. "Sijui," alisema.

Hakuweza kutembea hadi getini, ikabidi mumewe aitwe. Alikuja na utepe wa kupimia bado shingoni, ameshaelezwa kwa simu habari ya stika.

"Nisamehe mama watoto," alisema akimshika bega. "Mimi na pasi yangu, nimekutia hofu bure."

Alitaka kumwachia iwe hivyo. Alimtazama mzee wake, akaona jinsi uso wake ulivyoanza kutulia.

"Si bure, baba," alisema mwishowe. "Hebu kaa kwanza, nikwambie ni sekunde ngapi."