Tumwesigye na Simu ya Kambi

Ukienda kununua ng'ombe kwa Tumwesigye, ujue utakereka. Unaona dume limenona mpaka linang'aa, unamuuliza bei, naye anatema mate pembeni na kusema, "Haka? Kamekonda tu. Sijui hata kama katafika Krismasi." Wachuuzi wageni waliondoka kweli. Wenyeji wa nyika zile za Kyerwa walicheka, maana walimwelewa: kwa wafugaji wa huko, anayesifia chake mbele ya mgeni anakitafutia balaa.

Tumwesigye alilishika hilo kuliko wenzake, na alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza, Mwesigwa, baba huyu alimwinua juu kanisani siku ya ubatizo ili watu wote wamwone, akatamba kwamba mtoto mzuri namna ile hajawahi kuzaliwa. Hata meno hayajaota, wakamzika. Mchungaji alisema ni malaria. Tumwesigye hakubisha, lakini rohoni aliamini ni mdomo wake uliomuua. Tangu hapo hakusikika akitamka neno zuri juu ya kitu chake, na kadiri alivyokipenda ndivyo alivyokiponda.

Sasa mtu kama huyo ndiye ambaye Mungu alimpa binti, Ainembabazi. Jamani, yule binti! Yuko kidato cha tatu, Mwalimu Jovitus wa fizikia anampa maswali ya kidato cha sita, na kesho yake anayarudisha yamekwisha, tena ameongeza swali lake mwenyewe ambalo mwalimu anakwenda kulikunia kichwa nyumbani. Na shule yenyewe ile maabara yake imejaa magunia ya mahindi. Hadubini aliiona kwenye picha tu.

Ndipo ikaja habari ya kambi ya masomo ya likizo, huko Bukoba. Vijana wenye vipaji kutoka mkoa mzima watakaa Juni yote kwenye maabara za kweli, na watakaong'ara watasomeshwa mpaka chuo kikuu. Kwa Ainembabazi hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee; baada ya kidato cha nne nyumbani hapakuwa na mpango mwingine zaidi ya kuolewa. Akafanya mtihani wao, akafaulu. Wakabaki wawili wagombee nafasi moja, na Mwalimu Jovitus akaeleza kwamba sasa wenye kambi watawapigia wazazi simu.

"Mzee, wakikupigia zungumza nao vizuri," alisema.

"Nitazungumza nao vizuri," alijibu Tumwesigye, na maskini alimaanisha.

Simu ilikuja wakati wa kukamua. Mikono ya baba ilikuwa na maziwa, hivyo Ainembabazi akamshikia simu na kuweka sauti kubwa. Mwanamke wa kambi akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akauliza kama anamruhusu binti. Baba akasema anamruhusu, tena sana. Halafu akauliza, "Na wewe kama baba, unamwonaje kimasomo?"

Moyo wa Tumwesigye ulijaa furaha mpaka ukamtisha. Akamtazama mtoto, mzima, mrefu, macho makali, na hofu ya miaka yote ile ikamrudia.

"Huyu?" akasema. "Huyu hana kitu kichwani, mama. Anabahatisha tu. Mkimchukua mtasumbuka bure."

Yule mama akauliza tena, "Una hakika, mzee?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Mtu wa kwao angecheka na kujua kwamba hapo pana mapenzi makubwa. Yule mama hakuwa wa kwao. Akashukuru, akakata simu. Tumwesigye akarudi kukamua huku ameridhika kabisa, kwa kuwa amemkinga mwanawe.

Wiki haijaisha, Mwalimu Jovitus akafika na bodaboda, uso umemvimba kwa hasira. "Mzee, umefanya nini?" Nafasi ilikuwa imekwenda kwa kijana wa Nyabiyonza, ambaye baba yake, mkulima wa kahawa, alimsifia mpaka salio la wenye kambi likaisha.

Tumwesigye aliomba simu ya mwalimu, akampigia yule mama. Akavua kofia, akasema yote: kwamba binti yake ana akili kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, kwamba anamwonea fahari kupita kiasi. Alilia akisema, maana aliamini anamhatarisha. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mzee. Wazazi wengi hubadili maneno nafasi ikishakwenda."

Ainembabazi aliambiwa tu kwamba nafasi imekwenda, hakuambiwa lolote la zaidi. Baba alijisemea, mtoto wa mfugaji huyu, anajua lugha yetu.

Shule zilipofunguliwa Julai, mwalimu akampa maswali kama kawaida. Yakarudi karatasi tupu, na binti akaomba kwa adabu asipewe tena. Tumwesigye aliposikia, alimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa akiosha vyombo vya maziwa.

"Mwanangu, yale niliyosema kwenye simu ndivyo tunavyosema kwa wageni. Unajua."

"Najua, baba." Hakuacha kuosha. "Nilisema moyoni, ni kawaida yake. Lakini yule mama akakuuliza tena kama una hakika. Ukajibu wewe ndiye uliyenizaa. Sasa nani mwingine ananijua?"