Malimau Manne kwenye Maji ya Majivu

Hadi leo nikikamua limau, pua yangu hunusa maharage yasiyoiva, na naona haya hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nilikuwa darasa la sita, kwetu Ijumbi, nikijifundisha kemia kwa kitabu cha kaka kilichong'oka jalada. Bibi alikuwa akichoma maganda makavu ya ndizi, akichuja majivu yake kwa maji, na maji hayo ya rangi ya chai, yenye kuteleza vidoleni, ndiyo yaliyolainisha maharage yake. Majirani wote waliyasifu. Asubuhi ambayo wakwe watarajiwa wa Shangazi walikuwa waje, nikasoma kwamba maji ya namna ile ni besi, na besi huunguza. Bibi angewaua wageni!

Kitabu kilisema asidi huua nguvu ya besi. Kilisema pia asidi ya limau ni dhaifu: ndani ya maji, chembe zake chache tu ndizo huachana. Kwa akili yangu, dhaifu ilikuwa sawa na kidogo; hata nikizidisha, haitadhuru. Nikakamua limau la kwanza kwenye chungu cha Bibi cha maji ya majivu. Hakuna kitu. La pili, povu. La tatu, povu zaidi, nami nikazidi kuchanganyikiwa: dhaifu gani hii inayochemka bila moto? La nne, kimya.

Bibi akayamimina kwenye maharage bila kushuku. Yalikaa motoni hadi alasiri, yakabaki magumu.

"Mama, haya ni ya kula au ya kuchezea bao?" aliuliza mshenga, na watu wakacheka.

Bibi hakucheka. "Mikono yangu imezeeka," alisema. Tangu siku ile akapikia magadi ya dukani. Shangazi aliolewa, nami nikanyamaza.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Asidi kali huachia nguvu yake yote mara moja. Dhaifu huachia kidogo, lakini besi ikichukua hicho, huachia kingine, na kingine, mpaka iishe. Malimau yangu yalimaliza majivu yote, yakabaki na ziada ya kuyakaza maharage.

Krismasi iliyopita nilimwambia Bibi, nikilia.

"Malimau?"

"Ndiyo, Bibi. Manne."

Akaigeuzageuza mikono yake, akiitazama.

"Kumbe siyo mikono."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kuokota maganda.